Negativu ya Kompyuta kwenye Karatasi ya Kale

Mwaka 1983, nikiwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu ambacho baadaye nilikuja kuwa mkuu wake, nilikabidhiwa klabu ya picha. Sikukabidhiwa kwa sababu ya ujuzi. Nilikabidhiwa kwa sababu nilikuwa na kamera, Yashica ya lenzi mbili iliyokwisha tumiwa na mwingine kabla yangu, na kwa sababu mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa stoo ya maabara, ambayo haikuwa na dirisha. Humo tulifunga taa nyekundu, tukapanga beseni tatu za plastiki: ya kwanza ya dawa ya kusafishia, ya pili ya maji, ya tatu ya dawa ya kuikaza picha isiendelee kubadilika. Dawa hii ya mwisho jina lake la Kiingereza wanafunzi walilitamka “haipo”, na jina likaisadifu, maana katika miaka ile ya dhiki miezi mingi kweli haikuwapo.

Wanaklabu walikuwa 11. Mmoja wao nitamwita Mweka Hazina, kwa kuwa ndicho cheo tulichompa. Alihesabu karatasi za picha moja moja kama mtu anayehesabu noti, na hakuna aliyeharibu karatasi kwa uzembe asisikie maneno yake. Siku moja kabla ya mahafali niliwasimamisha wote mbele ya ubao walioandika jina la klabu na mwaka, nikawapiga picha. Mweka Hazina alifariki mwaka 1986, mwalimu mpya kabisa, akaacha mjane na binti wa miezi minane.

Binti huyo sasa ni mama mwenye watoto wake. Mwaka 2023 alinijia nyumbani, akaniamkia, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, “Mwalimu, nimeambiwa una picha ya baba. Mimi sura yake siijui.” Picha chache za kwao ziliteketea pamoja na nyumba ya bibi yake. Nikamwambia ninayo. Nilisema hivyo kabla sijafungua kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa la biskuti, na negativu zangu zilikuwa zimekaa humo miaka 40 katika hewa ya pwani, ambayo haiachi chuma bila kutu wala karatasi bila madoa. Kuvu ilikuwa imetandaza nyuzi zake kama utando wa buibui. Katika picha ya klabu, sura kumi zilikuwa na michirizi tu. Ya Mweka Hazina, aliyesimama wa tatu kutoka kushoto, ilikuwa imeliwa nusu. Upande mmoja wa uso kuvu ilikuwa imekula ule utando wenye picha hadi kwenye plastiki tupu.

Mjukuu wangu, ambaye kazi yake ni picha, aliishika kwenye mwanga wa dirisha akasema, “Babu, tutaiingiza kwenye kompyuta, tutatoa negativu mpya, kubwa, kisha tutaichapa kwa jua.” Alisema kwa pumzi moja, kana kwamba ni jambo jepesi. Mimi nilibaki nikiyatafakari maneno yake kwa wiki kadhaa, maana yanaunganisha vitu viwili vilivyozaliwa karne tofauti, na ndoa hiyo, ambayo sasa ina wapenzi wengi Marekani na Ulaya, sijaona bado ikihakikiwa sawasawa. Inasifiwa au inalaaniwa. Nataka nijaribu kuihakiki.

Msomaji asiyewahi kuingia chumba cha giza anahitaji kuelezwa kidogo. Karatasi ya picha tuliyoitumia sisi ni nyepesi mno kuhisi mwanga. Sekunde chache chini ya mashine ya kukuzia zinatosha, na ndiyo maana negativu ndogo huweza kutoa picha kubwa ya ukutani. Njia za kale haziko hivyo. Ile ya buluu aliyoibuni Sir John Herschel, mwanafalaki wa Uingereza, mwaka 1842. Ile ya platini ambayo William Willis aliipatia hataza mwaka 1873. Ile ya gundi iliyochanganywa na rangi, ambayo wasanii wa Paris waliipenda sana mwishoni mwa karne ya 19: zote ni nzito. Hutaka miale mikali, hasa ile ya urujuanimno ambayo jicho halioni, tena kwa dakika nyingi. Taa ya mashine ya kukuzia haina ubavu huo. Kwa hiyo negativu hulazwa juu ya karatasi yenyewe, kioo kikawekwa juu, vyote vikaanikwa juani, na picha hutoka na ukubwa ule ule wa negativu. Carleton Watkins alipotaka picha kubwa za bonde la Yosemite huko California mwaka 1861, hakuwa na njia ila kupanda milima na kamera kubwa ya vioo vya inchi 18 kwa 22. Negativu yangu mimi ni ya sentimita 6 kwa 6. Kwa njia hizo ingetoa picha ya kuwekwa kiganjani mwa mtoto.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Dan Burkholder, mpiga picha wa Marekani, alitoa mwaka 1995 kitabu cha kufundisha namna ya kutengeneza negativu kwa kompyuta kwa ajili ya kuchapa kwa kugusana. Siku zile mtu alipeleka faili lake kwa wenye mitambo mikubwa ya kuandalia uchapaji wa magazeti na vitabu, akatolewa filamu. Baadaye printa za wino za mezani zikawa nzuri kiasi cha kutosha, na leo negativu hizo huchapwa nyumbani juu ya karatasi angavu ya plastiki. Mjukuu wangu aliponionyesha nilicheka. Ni ndugu wa karatasi zile zile ambazo sisi wakufunzi tulikuwa tukiandikia kwa kalamu ya wino na kuziweka juu ya projekta darasani! Kumbe tulikuwa na nusu ya kitu mikononi, tukiandikia malengo ya somo.

Kazi yenyewe si ya kubonyeza na kuondoka, na wale wanaosema kwamba kompyuta imeondoa jasho hawajaijaribu. Jicho la karatasi si jicho la mtu. Wino unaoonekana kwetu mweusi sana huenda ukapitisha miale ya urujuanimno, na wino wa rangi nyingine unaoonekana hafifu ukaizuia kabisa. Ndiyo maana baadhi ya mafundi huchapa negativu za kijani au za hudhurungi ambazo ukizitazama unadhani zimeharibika. Isitoshe kila njia ina tumbo lake. Moja hutaka negativu yenye tofauti kubwa kati ya penye giza na penye nuru, nyingine hushiba upesi. Mjukuu wangu alianza kwa kuchapa ngazi 21 za kijivu, kutoka nyeupe hadi nyeusi, akazianika, akaona ni ngazi ngapi zimemezwa, akarekebisha hesabu katika kompyuta, akarudia. Alirudia mara saba. Nilimtazama kwa furaha ya mwalimu aonaye mwanafunzi akisahihisha jibu lake mwenyewe.

Mara ya kwanza alipoiweka picha yenyewe, klabu ilitoka imegeuka. Waliokuwa kulia walikuwa kushoto, na maandishi ya ubaoni yakasomeka kinyume, kama maandishi ya gari la wagonjwa. Alikuwa amesahau kwamba upande wenye wino ndio unaopaswa kugusa karatasi, kwa hiyo picha lazima ichapwe kinyumenyume kwanza. Mara ya pili buluu ilitoka vizuri, kisha ikapauka ndani ya maji mbele ya macho yetu. Hilo lilikuwa kosa la kisima. Maji yetu ya pwani hupita katika mawe ya chokaa, na buluu ya Herschel haipatani na kitu chochote cha jamii ya chokaa au magadi. Tukatumia maji ya mvua yaliyotiwa siki kidogo, ikatulia.

Basi, je, matokeo ya ndoa hii ni sanaa? Sisi tuliofundisha fasihi katika miaka ya sabini na themanini tulizoea kuigawa kila kazi katika fani na maudhui, na wanafunzi waliukariri mgawanyo huo hadi ukachakaa. Hata hivyo nauhitaji hapa. Mjukuu wangu ameniletea vitabu na amenionyesha picha nyingi za wachapaji wa leo, na jambo la kwanza lililonigusa ni kwamba wengi wao huzungumza fani peke yake: karatasi ya aina gani, matone mangapi, dakika ngapi. Ukiwauliza kwa nini ua hili au kibanda hiki kichapwe kwa platini badala ya karatasi ya dukani, wanakujibu kwamba platini ni nzuri, tena haipauki. Ni kweli. Lakini hilo ni jibu kuhusu madini.

Mfano wa jibu zuri naupata kwa Irving Penn, na kwa makusudi namtaja mtu aliyefanya kazi yake bila kompyuta. Penn, aliyekuwa mpiga picha wa mitindo wa New York, alianza mwaka 1964 kuirudia platini ambayo ilikuwa imekwisha sahauliwa na wengi. Alitengeneza negativu mpya kubwa kutoka katika negativu zake, akapaka karatasi dawa zaidi ya mara moja, na ili negativu ziangukie mahali pale pale kila mara aligandisha karatasi juu ya bati la alumini. Kisha, mwaka 1975, katika jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, alionyesha alichokichapa kwa madini hayo ya thamani: vishungi vya sigara vilivyookotwa barabarani. Hapo fani inabishana na maudhui, na ubishi huo ndio unaokufanya usimame. Takataka imevikwa madini ghali kuliko fedha, na unaanza kuona kwamba kishungi kilichokanyagwa kina mikunjo kama uso wa mzee. Ningetamani nizione picha hizo kwa macho, maana nimeziona kitabuni tu, na kitabu hakichapwi kwa platini.

Penn ananisaidia pia kuwajibu wale watakatifu wa chumba cha giza wanaosema kwamba negativu ya kompyuta ni udanganyifu, kwa kuwa si negativu iliyokuwamo ndani ya kamera. Negativu ya Penn nayo haikuwamo ndani ya kamera, ilikuwa nakala. Tena tukirudi nyuma zaidi tutakuta watakatifu wenyewe hawakuwa safi. Gustave Le Gray wa Ufaransa, aliyepiga picha za bahari mwaka 1856 na 1857, alikuta kwamba dawa ya siku zile ikipata bahari sawasawa inaunguza anga. Akachukua mawingu katika negativu nyingine akayaunganisha kwenye mstari wa upeo. Henry Peach Robinson wa Uingereza mwaka 1858 aliunganisha negativu tano kutengeneza picha ya msichana anayekata roho katikati ya jamaa zake. Watu walichukizwa kwamba mtu ameingiza kamera katika chumba cha mauti, ilhali msichana alikuwa mzima na alikuwa akiigiza. Na sisi wa stoo ya maabara, je? Tulikuwa tukikinga mwanga kwa kiganja ili sura zetu nyeusi zisizame katika kivuli. Tulitia madoa kwa penseli. Mafundi wa studio za mjini walikuwa wakifuta makunyanzi ya wateja wao, na wateja wakilipa kwa furaha.

Kwa hiyo sioni dhambi katika negativu ya kompyuta kwa kuwa tu ni ya kompyuta. Namheshimu sana Frederick Evans, Mwingereza aliyeipiga picha ngazi za kanisa kuu la Wells mwaka 1903 zikionekana kama mawimbi ya bahari, ambaye hakutaka negativu iguswe hata kidogo, na ambaye platini ya dukani ilipotoweka baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliona afadhali aache kupiga picha. Msimamo wake ni wa kiungwana. Lakini ungefuatwa na wote, leo Mweka Hazina angekuwa na uso wa ukubwa wa punje ya mtama.

Kasoro ninayoiona mimi iko mahali pengine, na nilichelewa kuiona.

Ukizitazama picha nyingi za aina hii utakuta pembeni kuna michirizi ya brashi. Dawa hupakwa kwa mkono, na zamani ilikuwa kawaida kuzikata au kuzifunika kingo hizo kwa fremu. Siku hizi zinaachwa zionekane kwa makusudi. Mjukuu wangu naye aliziacha. Nilimuuliza kwa nini, akasema, “Ili mtu ajue kwamba imetengenezwa kwa mkono, Babu.” Nikasema vema, hata mfinyanzi huacha alama ya dole gumba. Baadaye neno hilo lilinirudia usiku. Michirizi ile inashuhudia mkono uliopaka dawa. Haisemi lolote juu ya mkono uliotengeneza negativu. Lakini mtazamaji haigawi picha vipande viwili. Anaiona brashi, anaiona buluu ya mwaka 1842, anaona nyuzi za karatasi, na imani yote anayoipata kwenye kingo anaimwagia katikati. Karatasi ya kale inamvika shahidi mgeni kanzu ya mzee wa mtaa, na mgeni anasadikiwa kabla hajaulizwa kwao.

Mlinganishe na Anna Atkins. Mwanamke huyu wa Uingereza alianza mwaka 1843 kutoa kitabu cha mwani wa visiwa vya kwao kwa njia hiyo hiyo ya buluu, akaendelea nacho miaka kumi. Hakutumia kamera, wala negativu. Aliulaza mwani wenyewe juu ya karatasi, jua likapita pembeni yake. Pale penye weupe ndipo mwani ulipolala. Kati ya kitu na karatasi hakuna mpokezi hata mmoja. Katika picha yetu ya klabu wapokezi ni wengi: jua la 1983, lenzi, filamu, kuvu, mashine ya kusoma filamu, tarakimu, wino, jua la 2023. Wapokezi wengi si kosa. Masimulizi ya wazee wetu yalipita katika vinywa vingi zaidi ya hivyo. Ila tulipokuwa wadogo msimulizi alisema kamsikia nani, na mahali asipokumbuka alisema hakumbuki.

Sasa nieleze kilichotokea. Jioni moja mjukuu wangu aliniletea picha iliyokamilika, ya sentimita 30 kwa 30, buluu iliyoiva, na vivuli vya mashati kama usiku wa mbalamwezi. Sura 11, zote nzima. Nilifurahi, kisha nikashtuka: zote? Nikaisogeza karibu na taa. Mweka Hazina alikuwa ananitazama na uso uliokamilika, mzuri, uliotulia. Nikamuuliza mjukuu wangu imekuwaje. Akanieleza bila kuficha, tena kwa fahari ya fundi, kwamba alichukua nusu iliyosalimika akaigeuza kama kwenye kioo, akaiegemeza upande ulioliwa, akarekebisha mwanga ili usilingane mno, akapanda na chembechembe za filamu ya zamani juu yake ili mshono usionekane. Na kweli haukuonekana. Mimi niliyemfundisha kijana yule, niliyesimama naye katika giza la stoo miezi mingi, sikuuona mshono. Nilichoona ni kwamba kovu halipo.

Mweka Hazina alikuwa na kovu juu ya jicho la kulia, lililokata nyusi katikati. Alilipata utotoni, alisema, kwa kuanguka kutoka kwenye mwembe wa jirani, na wenzake walimtania kwamba mwembe ulikuwa unamdai. Upande wenye kovu ndio ulioliwa na kuvu. Upande wa kushoto haukuwa na kovu; ulipogeuzwa, ukaleta nyusi nzima. Aliyekuwa ananitazama kutoka katika ile buluu nzuri alikuwa kijana mwingine, asiyewahi kupanda mwembe wa mtu.

Tulibishana, mimi na mjukuu wangu, kwa heshima lakini si kwa upole. Hoja zake si za kupuuzwa. Alisema mama yule amekuja kutafuta uso. Je, tumpe shimo? Alisema Le Gray alipandikiza mawingu na mimi mwenyewe namsifu. Alisema, na hili lilinichoma, kwamba mimi napigania kumbukumbu yangu kuliko haja ya mwenye baba. Nilimjibu kuhusu Le Gray kwamba mawingu hayana binti. Mtu akitaka kujua kama siku ile ya 1856 kulikuwa na wingu lile juu ya bahari ile, hatapoteza kitu akiambiwa halikuwapo. Lakini huyu atamtafuta baba yake katika uso ule, atatafuta nyusi za watoto wake humo, na jibu atakalopewa ni la kompyuta, likisema kwa sauti ya karatasi ya kale, ambayo hakuna atakayethubutu kuibishia. Kuhusu kumbukumbu yangu, nilikiri kwamba huenda ana haki. Nina miaka zaidi ya sabini, na kovu lile silioni popote ila kichwani mwangu.

Basi tukafanya nini? Kwanza nilipendekeza kovu lichorwe. Mjukuu wangu akanitazama, akaniuliza lilikuwa na urefu gani, lilielekea wapi, lilianzia nywele za nyusi au juu yake. Sikuweza kujibu. Nikaona nami nimekaribia kuifanya kazi ile ile niliyoikataa, ila kwa mkono usio na ustadi.

Hatimaye alirudi kwenye faili la mwanzo. Alisafisha michirizi kwenye sura zile kumi, kwani chini yake picha ilikuwapo na hakuongeza kitu. Mahali palipoliwa alipaacha. Katika negativu mpya, pasipo na picha aliweka wino mzito, na kwenye karatasi pakatoka peupe, doa lenye kingo za mviringo, kama ramani ya kisiwa, likimfunika kijana kutoka paji la uso hadi shavuni upande mmoja. Ajabu ni kwamba picha hii, niitazamapo kama mhakiki na si kama mwalimu wa marehemu, ni bora kuliko ile iliyokamilika. Ile ya kwanza ilikuwa picha ya kundi, nzuri, ya zamani. Katika hii jicho haliwezi kukaa kwingine. Linakwenda kwenye weupe, linatoka, linapita kwa wale kumi, linarudi. Na buluu sasa ina kazi: ni rangi ambayo ukiikosa huoni weupe wa doa. Nimekubali kwamba njia ya kale imepata sababu yake hapa, jambo ambalo sikulikubali kwa zile picha nyingi za maua.

Sisemi kwamba kila negativu iachwe na vidonda vyake. Mwenye duka la picha anayeng'arisha sura ya bibi harusi hanihusu. Wala sitaki mafundi wa njia hizi waweke hati ya kiapo nyuma ya kila picha, ingawa mjukuu wangu ameanza kuandika kwa penseli nyuma ya zake alichokifanya, kwa mistari miwili au mitatu, na naona haimpunguzii wateja. Soko lina mapenzi yake mengine. Picha ya Edward Steichen ya mwaka 1904 ya lile jengo la pembetatu la New York, iliyochapwa kwa gundi ya rangi juu ya platini, iliuzwa mnadani mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 11. Sidhani kuna aliyeuliza Steichen aligusa nini kwenye negativu. Aligusa mengi, na hakuficha. Rangi ile ya buluu-kijani ya magharibi aliipaka mwenyewe, na kila mwenye macho anajua.

Mama yule alikuja Jumamosi, pamoja na mwanawe wa kwanza. Nilimwonyesha picha yenye doa. Ile nyingine iko kabatini kwa mjukuu wangu, na nilimwambia mgeni wangu kwamba ipo, ilitengenezwaje, na kwamba akiitaka atapewa, nyuma imeandikwa. Hakuitaka siku ile. Aliniuliza kovu lilikuwa upande gani. Nikamwambia jicho la kulia, ambalo katika picha liko upande wetu wa kushoto. Akaweka kidole juu ya kioo, penye weupe, kisha akakihamishia kwenye nyusi ya mwanawe, akitafuta mahali penyewe, na kijana akawa anacheka akikwepesha kichwa.

Walipokuwa wanaaga nilimpa maelekezo kuhusu kuitunza. Asiitundike panapopigwa na jua. Asiifute kwa kitambaa chenye sabuni. Na ikianza kupauka asihuzunike, bali aishushe, aifungie kabatini gizani kwa siku kadhaa, kwani buluu hii ina tabia hiyo: ikichoshwa na mwanga, hurudi sehemu kubwa ikipumzishwa gizani.